Daktari asema utembee, lakini utatembea wapi?

SHANGAZI yangu ana umri wa miaka 63. Mwaka jana alipopimwa shinikizo la damu katika zahanati iliyo karibu na mtaa wao, viungani mwa Nairobi, daktari alitikisa kichwa. Alimwandikia vidonge, akamwonya juu ya chumvi, kisha akaongeza dawa ya tatu ambayo haina bei. "Mama, tembea. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki."

Kesho yake asubuhi shangazi alivaa raba, akajifunga leso kiunoni akatoka. Nusu saa haikutimia. Baada ya dakika kumi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akibandua matope kwenye viatu kwa kijiti.

"Shangazi, mbona umerudi mapema hivi?" nikamwuliza.

"Mwanangu, nitembee wapi?" akajibu. "Mtaroni, au juu ya lami pamoja na matatu?"

Sikuwa na jibu. Barabara inayopita mbele ya mtaa wao ni ya leni nne, mbili kila upande. Kando yake kuna vituo viwili vya petroli, supamaketi yenye uwanja mkubwa wa magari mbele, maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wa vitanda na makochi, makanisa, shule ya msingi, zahanati yenyewe, steji ya matatu na akina mama wauzao mboga. Karibu kila kitu anachohitaji binadamu kimo ndani ya kilomita mbili. Lakini njia ya miguu haimo. Inaanza mbele ya kituo cha petroli, inakwenda hatua arubaini, kisha inaishia kwenye rundo la kokoto.

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya dawa na lishe. Leo na tuzungumze juu ya barabara, kwa sababu barabara nayo yaweza kumlinda mtu na maradhi au kumsukuma kwenye maradhi. Na kinyume na wanavyodhani wengi, barabara mbaya ya aina hii yaweza kutengenezwa upya ikawa mahali pa watu.

Kazi mbili zinazogombana

Ubaya wa barabara ya namna hii si lami. Mara nyingi lami yake ni safi kabisa. Ubaya wake ni kwamba imepewa kazi mbili zinazogombana.

Kazi ya kwanza ni kupitisha magari yatokayo mbali kwenda mbali, kwa haraka. Kazi ya pili ni kuwa soko, steji, lango la shule na uwanja wa watu kukutana. Barabara kuu inaifanya kazi ya kwanza vizuri. Kichochoro cha mtaani kinaifanya ya pili vizuri. Barabara ya viungani hujaribu zote mbili na kushindwa zote. Magari hayaendi kwa sababu kila baada ya mita chache kuna lango la duka au matatu iliyosimama. Watu nao hawatembei kwa raha kwa sababu, kila nafasi inapopatikana, magari huenda mbio.

Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba shangazi asitembee. Barabara nyingi za viungani zilipochorwa, pande zake zilikuwa mashamba. Kisha ploti zikauzwa moja moja, nyumba zikapanda, maduka yakafuata wateja. Watu walikuja, barabara ikabaki ile ile. Ilipopanuliwa, ilipanuliwa kwa ajili ya magari, na nafasi ya kando iliyokuwa ya miguu ikamezwa.

Hesabu ya kuvuka

Msomaji, hebu tufanye hesabu ndogo. Leni moja ya barabara pana huwa na upana wa karibu mita 3.5. Leni nne ni mita 14. Kijana mwenye afya hutembea karibu mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo atavuka kwa sekunde 12 hivi. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama aliyebeba mtoto na mzigo, huenda karibu mita 0.8 kwa sekunde. Yeye anahitaji zaidi ya sekunde 17.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria mijini hapa Kenya, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ili shangazi avuke salama bila gari kupunguza mwendo, inabidi gari la karibu kabisa liwe mbali naye mita 240 hivi anapoanza. Kama dereva anakwenda kilomita 80 kwa saa, jambo ambalo si la ajabu usiku, umbali huo unakaribia mita 400. Nani aonaye gari lililo mita 400, jioni yenye vumbi, akajua kasi yake?

Tuendelee na hesabu. Mtoto anachomoka nyuma ya matatu, mita 15 mbele ya gari. Dereva mwangalifu huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Gari la kilomita 30 kwa saa litasimama ndani ya mita 13 hivi, ikiwa lami ni kavu na breki ni nzima. Mtoto atapata hofu tu. Gari la kilomita 50 kwa saa litakuwa limekwisha pita mita 14 kabla breki haijashika. Litamgonga karibu kwa kasi yake yote.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) hueleza kwamba kila kasi ya wastani inapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 waliuawa katika barabara za Kenya. Waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote, kama ilivyo mwaka baada ya mwaka.

Maradhi yasiyopiga honi

Ajali huonekana na kuandikwa magazetini. Lakini barabara mbaya ina madhara mengine ambayo hayapigi honi.

WHO inashauri kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kutembea kwa hatua za haraka kunatosha. Hapo awali shirika hilo lilikuwa likihesabu tu mazoezi yaliyodumu dakika 10 au zaidi kwa mfululizo. Mwaka 2020 liliondoa sharti hilo. Sasa kila hatua yahesabiwa, hata ya kwenda dukani kununua unga, kwenda steji, au kwenda kumjulia hali jirani. Hatua hizo husaidia kushusha shinikizo la damu, huusaidia mwili kutumia sukari iliyo katika damu, huimarisha moyo na mifupa na hutuliza akili.

Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa kamwe. Lakini utafiti huo huo ulileta habari njema. Wakenya walio wengi walikuwa bado wanapata mazoezi ya kutosha. Sisi ni watu wa kutembea. Uchunguzi wa usafiri jijini Nairobi mwaka 2013 uligundua kwamba takriban safari nne kati ya kumi zilifanywa kwa miguu.

Hapa ndipo penye hatari. Wengi wetu tunatembea kwa kukosa nauli, si kwa kupenda. Barabara humfundisha kila apitaye kwa miguu kwamba kutembea ni kudharauliwa, kurushiwa maji machafu na kuhatarisha roho. Akipata vijisenti, kitu cha kwanza ni kuacha kutembea. Atapanda bodaboda, kisha atanunua gari. Mtoto wake atapelekwa shule kwa basi hata kama shule iko karibu. Afya iliyokuwa ikipatikana bure njiani sasa itatafutwa kwa pesa katika kumbi za mazoezi, au itakosekana kabisa. Barabara ikibaki hivi, kila familia inayoinuka kimaisha itakuwa inashuka kiafya.

Aidha kuna moshi na kelele. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango cha wastani kwa mwaka cha vumbi jembamba, lile liingialo hadi ndani ya mapafu na damu, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Magari mazee ya dizeli yanayosimama na kuondoka kila mara hutoa vumbi hilo kwa wingi. Kuhusu kelele, ofisi ya shirika hilo barani Ulaya ilishauri mwaka 2018 kwamba kelele za magari zisizidi wastani wa desibeli 53. Kelele za kila siku huunyima mwili usingizi na kuuweka katika hali ya wasiwasi, na wasiwasi wa kudumu huongeza shinikizo la damu. Mama mwuza mboga aketiye mita mbili kutoka kwenye lami hupata vyote viwili, kutwa nzima.

Mji uliobadilisha barabara yake

Je, barabara ya namna hii yaweza kubadilishwa? Mfano mmoja unaojulikana sana unatoka Marekani, nchi ambayo ndiyo iliyofundisha wengi kujenga miji kwa ajili ya magari.

Lancaster ni mji wa zaidi ya watu 150,000 katika jangwa la Mojave, karibu kilomita 110 kaskazini mwa Los Angeles. Barabara yake ya maduka, Lancaster Boulevard, ilikuwa pana na ya kasi, yenye leni mbili kila upande. Maduka mapya makubwa yalipojengwa kandokando ya barabara kuu nje ya mji, wateja walihama. Yaliyobaki mjini yakadhoofika, mengine yakafungwa. Magari yaliendelea kupita mbele ya milango iliyofungwa bila kusimama.

Mwaka 2008 baraza la mji liliwaita wasanifu wa kampuni ya Moule & Polyzoides. Pendekezo lao liliwashangaza wengi. Walitaka magari yapunguziwe nafasi. Leni mbili kila upande zikawa moja. Nafasi iliyopatikana katikati ilifanywa uwanja mrefu wenye miti, taa na viti, kwa kuiga barabara maarufu ya matembezi ya La Rambla katika mji wa Barcelona, Uhispania. Siku za kawaida magari huegeshwa humo kati ya miti. Siku za soko na sherehe, magari huondolewa na watu huuchukua uwanja wote. Njia za miguu zilipanuliwa na vivuko vikafupishwa.

Kazi hiyo ilihusu sehemu tisa za barabara, kutoka makutano hadi makutano. Ilimalizika mwaka 2010 baada ya miezi minane hivi, kwa gharama ya karibu dola milioni 11.5. Katika miaka michache iliyofuata karibu biashara mpya 50 zilifunguliwa. Ajali zilipungua kwa takriban nusu, na zile za kujeruhi watu zilipungua zaidi ya hapo. Mwaka 2012 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira liliutunuku mji huo tuzo ya kitaifa ya upangaji bora wa miji.

Tusiseme uongo kwamba miti peke yake ilifanya miujiza. Baraza la mji lilibadilisha pia kanuni za ujenzi ili nyumba na maduka yasogee karibu na njia ya miguu. Nyumba za kuishi zilijengwa karibu, na jumba la makumbusho ya sanaa likafunguliwa mwaka 2012. Lakini jambo moja lilikuwa wazi. Kupunguza leni hakukuiua biashara. Mtu apitaye kwa kasi haoni kilichomo dukani. Mtu atembeaye huona, husimama na hununua.

Na sisi je?

Hapa kwetu mbegu imekwisha pandwa. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri wa miguu na baiskeli, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya usafiri huo. Mwaka 2019, kwa ushirikiano na UN-Habitat, barabara ya Luthuli katikati ya jiji ilibadilishwa. Luthuli ilijulikana kwa maduka ya redio na televisheni na kwa msongamano wa kutisha. Magari yalipewa mwelekeo mmoja tu, njia za miguu zikapanuliwa, viti na taa vikawekwa. Baadaye njia za miguu zilitengenezwa upya katika barabara nyingine kadhaa za katikati ya jiji.

Lakini angalia mahali kazi hizo zilipofanyika. Ni katikati ya jiji, ambako watu huja kufanya kazi na kuondoka. Viungani, ambako watu wanalala, wanazaa na kuzeeka, barabara nyingi bado zinapanuliwa kwa ajili ya magari peke yake. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012 ilirahisisha safari za maelfu ya watu, na hakuna awezaye kulikana hilo. Lakini waliokaa pande zake mbili waligeuka majirani wa ng'ambo. Madaraja ya kupitia juu yalijengwa, lakini mtu aliyechoka, mwenye mzigo au mlemavu huona ngazi kuwa mlima, na wengine wamepoteza maisha wakikata njia kwa chini.

Kwa barabara kuu, huenda daraja ndilo lisilo budi. Kwa barabara ya maduka mtaani, dawa ni nyingine. Magari ndiyo yapunguze mwendo, si watu wapande mbinguni.

Vipimo vya barabara yenye afya

Wataalamu wa mipango ya miji wanakubaliana juu ya mambo ambayo si ghali sana yakilinganishwa na kujenga barabara mpya:

• Leni nyembamba. Leni ya karibu mita 3 humfanya dereva apunguze kasi bila kuambiwa na polisi. Barabara pana humwambia akanyage mafuta, hata bango likisema vingine.

• Kisiwa katikati. Mwenda kwa miguu avuke nusu moja, apumzike, kisha avuke ya pili. Leni zikipunguzwa kuwa moja kila upande, shangazi atahitaji kama sekunde 4 kwa kila nusu badala ya 17 kwa mkupuo mmoja.

• Vivuko vilivyoinuliwa. Kivuko kikiwa sawa na njia ya miguu, gari ndilo linalopanda, si mtu anayeshuka. Nacho kiwe pale watu wanapovukia tayari, karibu na steji na lango la shule.

• Njia ya miguu isiyokatika. Iwe na angalau mita 2 zilizo wazi ili viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Ikifika kwenye lango la kituo cha petroli, isikatwe. Gari ndilo livuke njia ya watu.

• Mitaro iliyofunikwa. Mtaro wazi huvunja miguu ya wazee na kufuga mbu.

• Miti na taa. Kivuli huwafanya watu watembee hata saa saba mchana. Taa huwawezesha kina mama na wasichana kutembea saa moja jioni bila hofu.

• Mahali maalumu pa matatu na bodaboda. Wasipopewa mahali pao, watachukua mahali pa waenda kwa miguu.

Mama mboga ataenda wapi?

Hapa lazima tuseme jambo ambalo michoro mizuri ya wasanifu huwa hailisemi. Katika miji yetu, tingatinga likija kutengeneza barabara huanza kwa kubomoa vibanda. Mwuzaji wa mboga husikia neno "kupendeza" akajua ni yeye anayefukuzwa. Ndiyo maana wengi hupinga mipango hii hata kabla hawajaisikia, na hawana makosa.

Lakini kumfukuza mama mboga ni kuharibu dawa yenyewe. Watu hutembea kwa sababu kuna mahali pa kwenda. Mboga mbichi zilizo karibu na nyumbani ni afya. Macho ya wauzaji wa barabarani hufanya njia iwe salama kuliko ukuta mrefu wa ploti iliyofungwa. Njia ya miguu iliyo safi lakini tupu haitembewi jioni.

Kwa hiyo mchoro wowote unaofaa uwe na mstari wa wauzaji, kati ya njia ya miguu na miti, wenye paa, maji na choo karibu. Waliopo sasa waandikwe majina kabla ya kazi kuanza, wapewe mahali pa kuuzia wakati wa ujenzi, na nafasi mpya wapewe wao kwanza, si wageni wenye pesa. Wenye nyumba nao wajue kwamba barabara ikipendeza, kodi za nyumba hupanda. Wapangaji maskini wasipofikiriwa mapema, barabara yenye afya itawatibu watu wengine na wao watakuwa wamekwisha hamia mahali pasipo na njia.

Wasiwasi wa wenye magari

Wenye magari wana swali la haki. Leni zikipunguzwa, msongamano hautazidi?

Katika barabara ya maduka, kinachokwamisha magari si idadi ya leni katikati ya safari, bali makutano, malango na matatu zinazosimama popote. Leni ya pili mara nyingi imekwisha gcuzwa steji. Steji zikitolewa barabarani na malango yakipunguzwa, leni moja inayosonga polepole bila kukatika hupitisha zaidi ya leni mbili zinazosimama kila mara. Hata hivyo, si kila barabara inafaa. Iliyo na malori mengi ya safari ndefu inahitaji kwanza njia nyingine ya kuyapitishia. Ambulansi na magari ya zimamoto nayo lazima yafikiriwe tangu mwanzo, ili kisiwa cha katikati kiweze kupandwa wakati wa dharura.

Waweza kufanya nini?

Katiba ya mwaka 2010 yatambua haki ya kila mtu kupata mazingira safi na kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Vile vile yataka wananchi washirikishwe katika mambo yanayowahusu. Tumia haki hizo.

Kwanza, jua barabara yako ni ya nani. Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu za kitaifa zinasimamiwa na KeNHA, za mijini na KURA, na za mashambani na KeRRA. Nyingine ni za kaunti. Malalamiko yaliyopelekwa ofisi isiyohusika hulala huko.

Pili, hesabu. Ketini wawili au watatu kando ya barabara saa moja asubuhi na saa moja jioni. Andikeni watu wangapi wanavuka, wapi, na watoto ni wangapi. Pigeni picha mahali njia inapokatika. Afisa aweza kupuuza kilio, lakini ni vigumu kupuuza karatasi yenye nambari.

Tatu, hudhuria vikao vya bajeti ya kaunti, nenda na mwakilishi wa wadi yenu, na ulizeni kwa heshima ile ahadi ya asilimia 20 imefikia wapi. Nendeni pamoja na walimu, wenye maduka, akina mama mboga na watu wa bodaboda. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne, ombeni majaribio. Rangi, mapipa ya mchanga na nguzo za plastiki zaweza kupunguza leni kwa miezi michache kwa gharama ndogo. Ikishindikana, hurudishwa ilivyokuwa. Ikifaulu, ndipo saruji hufuata.

Kabla barabara haijapona

Tukingoja hayo, mwili hauwezi kungoja. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la juu la damu, mwulize daktari wako uanzeje. Tafuta njia za ndani ya mtaa zenye magari machache. Tembea asubuhi mapema kabla ya moshi kuwa mwingi. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, ili uyaone. Vaa nguo za rangi nyeupe au ing'aayo gizani. Usiweke redio masikioni. Uchovu wa kawaida si kitu, lakini ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, simama na utafute matibabu.

Shangazi yangu sasa hutembea katika uwanja wa shule ya msingi, alfajiri, kabla wanafunzi hawajafika. Mlinzi humfungulia lango. Huzunguka uwanja mara nane, peke yake, kisha hurudi nyumbani kumeza vidonge vyake.

Lakini akihitaji sukari au sabuni, hupanda bodaboda. Duka liko ng'ambo ya barabara, mita 600 kutoka mlangoni pake. Hulipa shilingi hamsini kwenda na hamsini kurudi, kwa safari ambayo miguu yake ingeifanya kwa dakika kumi, na ambayo daktari wake angefurahi sana kusikia kwamba ameifanya.